Nusu Inchi kwenye Injini ya Bwana

Nilikuwa nimeshachoka kabla sijaiona injini ile. Nalitanguliza hilo kwa sababu yote yaliyofuata niliyaamua nikiwa mtu aliyechoka, na mpaka leo sijui ni lipi niliamua kwa akili na lipi niliamua kwa mifupa.

Miaka kumi na miwili nilifanya kazi Mombasa, katika karakana ya reli. Nilirudi kisiwani kwetu Amu sikio la kushoto halisikii tena, mgongo umepinda kidogo, na ndani ya kifua nina kitu kama mchanga ambacho hakitoki hata nikikohoa vipi. Nikafungua kijiduka mtaa wa Langoni, mlango mmoja, nikawa natengeneza kufuli, taa na cherehani. Kazi ndogo, za kukaa chini. Mke wangu alikuwa akishona kofia chumba cha nyuma, na tukiulizana jambo ilibidi apaze sauti mara mbili. Nilidhani nimefika. Nilitaka kufuli na taa mpaka siku zangu ziishe.

Kisha Bwana mmoja wa nyumba za mawe, mfanyabiashara ambaye baba yake alinifahamu tangu nikiwa chuoni nasoma Kurani, akanunua mashua ya injini. Aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa na shamba la mipira upande wa bara, shamba lililomshinda. Ilikuwa mashua nyembamba, nyeupe, na injini yake ilikuwa na silinda mbili. Mzungu alimwambia kuwa injini hiyo iliundwa kwa mashindano ya mashua katika ziwa fulani huko kwao. Nilipoifungua mara ya kwanza nilisadiki. Kila kitu ndani yake kilikuwa chepesi na kimepunguzwa, kama mtu aliyekondeshwa makusudi ili akimbie.

Bwana hakutaka kushindana na mtu. Alitaka kuchukua abiria na barua baina ya Amu na Pate. Akanitia mimi niwe mwendeshaji na fundi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu alikuja nyumbani mwenyewe, akaketi juu ya jamvi akanywa kahawa, na mtu wa nyumba ile akishaketi jamvini mwako humkatalii tena.

Anayeijua safari ya Pate anajua kuwa kinachotawala si injini wala tanga. Ni kina cha maji. Unapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku, na hapo hupiti ila maji yamejaa. Ukishatoka, una muda mchache wa kufika Pate kabla maji hayajaanza kutoka, kwani mbele ya mji ule maji yakipwa hubaki tope tupu. Ukichelewa kidogo, abiria wako wanashuka na kutembea topeni, nguo wamezishika mkononi.

Mashua yetu ikiwa tupu ilifika. Ikiwa na watu wanane na magunia yao, ilichelewa. Haikuchelewa sana, ilichelewa kiasi cha kuudhi. Injini iliyoundwa kumkimbiza mtu mmoja juu ya ziwa lililotulia haikuwa na kifua cha kusukuma watu wanane na ufuta wao dhidi ya mkondo wa Mkanda. Ilizunguka kwa kasi, ikalia, ikachemka, na mashua ikasonga kama mtu anayepanda ngazi na gunia kichwani. Haukupita mwezi, watu wa Pate wakarudia vyombo vyao vya tanga.

Asubuhi moja Bwana akaja dukani, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Fundi, mashua yangu imekuwa kichekesho," alisema. "Yana jioni bandarini nimeulizwa kama nimeinunua ya kusafiria au ya kulalia."

"Nani aliyeuliza?"

"Shemeji yangu."

Nikaelewa. Shemeji yake alikuwa mtu wa Pate, na maneno yake yalimkaa Bwana mwilini kuliko maneno ya watu kumi wengine.

"Mzungu aliniambia jambo siku ya kuuziana," akaendelea. "Alisema waliounda injini hii waliunda na nyingine kama hii hii, ila ndani yake pistoni inakwenda mbali zaidi. Inchi moja zaidi. Akasema ile ndiyo iliyokuwa ikishinda. Je, hatuwezi kuirefusha hii yetu?"

Hilo ndilo lililokuwa swali, na lilinikaa kichwani zaidi ya nusu mwaka.

Nieleze kwa ufupi, kwa anayesoma asiyejua injini. Ndani ya silinda kuna pistoni, kipande cha chuma kama kopo lililofudikizwa, kinachopanda na kushuka. Chini yake kuna krenki, shafti yenye viwiko, na urefu wa kiwiko ndio unaoamua pistoni itembee kiasi gani. Pistoni ikitembea zaidi, silinda inavuta hewa na mafuta mengi zaidi kila mara, na nguvu inaongezeka. Silinda haipanuki. Kinachoongezeka ni mwendo. Basi ukitaka tumbo kubwa bila kulipanua, unaweka krenki yenye kiwiko kirefu zaidi. Kusema ni rahisi.

Niliifungua injini yote nikaipanga juu ya jamvi. Ili nimwonyeshe Bwana tunazungumza nini, niliziba tundu za silinda moja, nikaishusha pistoni hadi mwisho, kisha nikaijaza mafuta ya taa kwa kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono. Viliingia vikombe kumi na sita.

"Tukirefusha kwa inchi moja," nikamwambia, "vitaingia karibu vikombe vitatu zaidi."

"Vitatu! Basi fanya."

"Ngoja, Bwana." Nikamwonyesha kwa kidole. Kiwiko kirefu kingegonga ukuta wa sanduku la chini, lile linaloifunika krenki, kwa hiyo ukuta ungechongwa, nao tayari ulikuwa mwembamba. Pistoni ingepanda zaidi ya nafasi yake juu, kwa hiyo silinda zingeinuliwa kwa bamba la chuma. Zikishainuliwa, pistoni ikishuka ingechungulia nje kwa chini, na ule mkono unaoiunganisha na krenki ungekaa upande zaidi, uisukume pistoni kwenye ukuta wa silinda kila mzunguko. Na mashua yenyewe, mbao zake nyembamba, ingetikiswa na kitu ambacho haikuundwa kukibeba.

Bwana alisikiliza mpaka mwisho. "Hizo ni sababu za kutoweza," akasema, "au ni sababu za kutotaka?"

Nilikuwa nimeona Mombasa shafti ikikatika kwenye mashine iliyoongezewa kazi. Mwenzangu mmoja, mtu tuliyekula naye sahani moja miaka minne, alikuwa amesimama upande wa kile kipande kilichoruka. Mimi nilikuwa hatua tatu nyuma yake. Tangu siku ile kila nikiambiwa chuma kiongezewe nguvu, mifupa yangu inakataa kwanza, kisha akili inatafuta sababu. Na zaidi ya hofu palikuwa na uchovu. Kazi ile ilikuwa ya miezi, ya kupima na kupima tena, ya kuinama. Sikuitaka. Nilijua kuwa hata kama ingekuwa salama kabisa, nisingeitaka.

Nikamwambia haifai. Badala yake tuipandishe mashua nchi kavu, tuisugue tumbo na kuipaka mafuta upya, tupunguze mizigo, na tunyooshe pangaboi, lile panga la nyuma linalosukuma maji, lililokuwa limepinda kwa kugonga mwamba. Bwana alikubali shingo upande. Tulifanya yote hayo na ikasaidia kidogo, kiasi ambacho mtu anaweza kukiona akipenda kukiona.

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa ya maji mafu, siku ambazo maji hayajai vizuri hata yakijaa. Tulikuwa Pate, tunajiandaa kurudi, wakaja watu wanne wamebeba kitanda cha kamba. Juu yake alilala mkwezi aliyeanguka mnazini asubuhi ile. Nyonga yake ilikuwa imevunjika. Hata asiyejua mifupa angejua kwa jinsi mguu ulivyogeuka. Mkewe alitaka afikishwe Amu kwa mganga wa mifupa. Watu wengine wawili wakaingia wa kumshika, na wale abiria waliokuwa ndani tayari hawakutaka kushuka. Ilinipasa kuwashusha. Sikuwa na nguvu ya kugombana.

Tuliingia Mkanda tumechelewa. Niliisukuma injini mpaka maji ya kuipoza yakawa yanatoka mvuke, na mkondo ulikuwa unatujia usoni. Katikati ya mikoko, mahali ninapoweza kupaonyesha hata leo, tumbo la mashua likagusa, likakwaruza, likakaa. Wanaume waliruka wakasukuma na kuzama hadi mapajani. Haikutikisika. Maji yakatoka taratibu, tukabaki juu ya tope na kaa wakitembea pembeni mwetu, kuanzia jua la saa nne hadi karibu na alasiri, maji yaliporudi.

Mkwezi hakupiga kelele. Alikuwa akihesabu kitu kwa sauti ndogo, nadhani pumzi zake. Mkewe alivua leso yake ya juu akaishika kwa mikono miwili kumtilia kivuli, na kila nilipogeuka mikono ile ilikuwa bado juu. Nilimwambia nimpokee. Akakataa kwa kichwa. Baada ya muda mrefu akanitazama akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza ndia ya kwenda mjini:

"Bwana fundi, mashine hii haina nguvu, au inayo ila haipewi?"

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli, na ndilo jibu la aibu kubwa kuliko yote niliyowahi kutoa katika kazi yangu. Mtu aliyefanya kazi ya vyuma miaka kumi na miwili, na mbele ya mwanamke aliyeinua mikono muda wote ule, hajui.

Mkwezi tulimfikisha. Aliishi. Mganga alisema mfupa ulikuwa umekaa vibaya kwa muda mrefu, na mguu ule haukurudi kuwa sawa. Huenda haungerudi hata kama tungefika mapema. Hilo nimejiambia mara nyingi.

Siku ya tatu nilikwenda nyumbani kwa Bwana, nikamkuta ameketi dakani, kwenye baraza la mlangoni, na tasbihi yake.

"Nitaipima tena," nikamwambia. "Safari hii nitapima nikitafuta itakavyowezekana."

Akaiweka tasbihi chini. "Nini kimekubadilisha?"

"Nimechoka kutojua."

Mke wangu hakufurahi. Alikuwa anazungushia kofia uzi, hakuinua macho. "Wewe mwenyewe umesema mwili huna," alisema. Nikamwambia ni kweli, sina. "Basi utaifanya kwa kitu gani?" Kesho yake alinishonea mto mnene wa kuwekea magoti nikiinama, akauacha mlangoni.

Nilipima majuma mawili. Nilichora krenki ile kwa kalamu ya mwanzi, upande kwa upande, nikaandika vipimo vyote, nikapeleka barua kwa meli ya pwani kwa rafiki yangu wa zamani, Mswahili wa Mombasa, fundi wa kukereza vyuma ambaye mikono yake niliiamini kuliko macho yangu. Nilimwuliza mambo mawili: kama anaweza kukereza krenki mpya kutoka kwenye ekseli kuukuu ya reli, na kama angekuwa yeye, angerefusha kwa kiasi gani.

Jibu lilikuja baada ya zaidi ya mwezi. Aliandika kwa herufi za Kiarabu, maandishi yaliyobanana, bila salamu ndefu. Krenki anaweza. Inchi moja pia anaweza, nikitaka, lakini asije akaitwa kuzika mtu. Pistoni itatoka sana kwa chini na ukuta wa sanduku utachongwa mpaka uonyeshe mwanga. Nusu inchi, alisema, na chini yake akachora mstari. Kwa nusu inchi kiwiko kinaongezeka robo tu. Ukuta unaguswa kidogo. Na injini usiizungushe kwa kasi ya zamani. Sasa itakuwa na pumzi ndefu, iache ivute polepole.

Nilimsomea Bwana barua ile. Uso wake ulishuka.

"Nusu inchi ni vikombe vingapi?"

"Kimoja na nusu kwa kila silinda."

"Kikombe kimoja na nusu! Fundi, nimengoja miezi hii yote kwa kikombe kimoja na nusu cha kahawa? Wenyewe walioiunda walitia inchi nzima."

"Waliyoitia inchi nzima waliiundia sanduku jingine, nene zaidi. Na waliikimbiza siku moja ya mashindano, kisha wakaifungua. Wewe unataka ikimbie kila wiki na watoto wa watu ndani."

"Na kama nusu haitoshi?"

"Basi itakuwa haitoshi, na kila mtu atakuwa mzima."

Alikuwa mtu mzuri, ila aliishi maisha yake yote akipewa kitu kizima, hajazoea nusu. Akasema angeweza kumwita fundi mwingine kutoka Mombasa. Nikamwambia ndiyo, anaweza, na nilisema hivyo bila kisirani kabisa; laiti angemwita siku ile ningelala. Nadhani aliona usoni mwangu kuwa simtishi. Akazungusha tasbihi yake mara moja yote.

"Fanya nusu," akasema.

Krenki ilifika imefungwa kwenye gunia lililolowa mafuta. Ilikuwa kitu kizuri. Niliiweka mapajani nikaipapasa viwiko vyake na sikukuta kovu hata moja. Kisha ikaja kazi yenyewe, na hiyo sitaieleza yote. Nilichonga ukuta wa sanduku kwa tindo, pigo ndogo ndogo, siku nne. Nilikata bamba la kuinulia silinda, la kwanza likawa nene kidogo, nikakata la pili. Vijiti vinavyosukuma vali, vile vimilango vya hewa, vikawa vifupi kwa vile silinda zimepanda, nikaviongezea vichwa. Kila jioni mke wangu alininyoosha vidole kimoja kimoja kwa mafuta ya ufuta kwa sababu vilikuwa vimekataa kunyooka vyenyewe.

Siku nilipoijaza silinda mafuta ya taa tena, mbele ya Bwana, viliingia vikombe kumi na saba na nusu, na tone. Bwana alihesabu kwa sauti pamoja nami.

Safari ya kwanza tulipakia watu wanane na magunia yao, kwa kusudi. Sauti ya injini ilikuwa imebadilika; ilikuwa nzito, ya chini, kama mtu anayezungumza baada ya kufikiri. Niliiachia polepole kama rafiki yangu alivyosema. Kwenye Mkanda mkondo ulitujia usoni kama kawaida, na mashua ikaupanda. Haikuruka. Ilipanda tu, bila kuchemka. Tulifika Pate maji yangali yanagusa ngazi, na shemeji yake Bwana alikuwapo pale akitutazama tunashusha magunia. Bwana alishuka na kupanda ngazi zile mara tatu bila sababu.

Ningependa kusema kuwa kuanzia hapo nilipumzika. Haikuwa hivyo. Injini yenye pumzi ndefu ilitikisa mashua kwa namna mpya, na kila safari ya pili ilibidi nikaze boliti zote za msingi wake. Metali laini zinazobeba krenki zililika haraka kuliko zamani, na kila baada ya majuma machache nililala chali chini yake nikizikwangua zikae sawa. Mbao za nyuma zilianza kuvuja, nikazikalafati kwa pamba. Lakini katika kipindi chote kile hatukukwama Mkanda ila mara mbili, na zote mbili kosa lilikuwa langu, nilichelewa kuondoka. Tuliwapeleka wajawazito, maiti, mabibi harusi, na kadhi mmoja aliyetapika njia nzima na kutuombea dua. Hakuna kilichokatika. Kila siku nilikuwa nangoja kikatike, na hilo lilinichosha zaidi ya kukaza boliti.

Vita vya Wazungu vilipokuja, mafuta ya taa yakaadimika, kisha yakakosekana. Tuliendelea kwa akiba ya Bwana mpaka debe la mwisho likalia tupu. Tukaipandisha mashua pwani, tukaifunika makuti. Niliitoa krenki mwenyewe, nikaipaka mafuta ya nazi kwa kuwa mengine hayakuwapo, nikaifunga kwa kitambaa na kuipeleka ghalani kwa Bwana.

"Vita vikisha tutairudisha," akaniambia.

"Inshallah. Ila unipe kwanza miezi miwili ya kulala."

Akacheka sana, akanipiga bega. Alidhani ni mzaha. Nikaaga, nikarudi Langoni kwa miguu, polepole. Mke wangu alikuwa amemaliza kofia moja, anaitazama kwenye mwanga wa mlango. Aliniuliza kama kazi imekwisha, nami, sikio halingoji tena chuma kikatike, kwa mara ya kwanza nilimsikia bila yeye kupaza sauti mara ya pili. Nikamwambia imekwisha. Nikalala palepale juu ya jamvi, na alfajiri ya siku ya pili ndipo nilipoamka.